Tuutunze Amaan, Tuvilinde Viwanja vya Mitaani

Tarehe 27 Desemba 2023, Rais wa Zanzibar na Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi, Dk. Hussein Ali Mwinyi, aliufungua upya uwanja wa Amaan mbele ya maelfu ya wananchi. Uwanja uliokuwa umechakaa ulikuwa umejengwa karibu wote upya na kampuni ya Orkun ya Uturuki, ukapewa viti vipatavyo 15,000, taa za kuchezea usiku, na jina jipya la New Amaan Complex. Tokea siku hiyo yamesemwa mengi juu ya uzuri wake, na yaliyosemwa ni haki yake. Leo hatukusudii kuongeza sifa juu ya sifa. Tunakusudia kuuliza suali moja na kulijibu kwa kadiri ya uwezo wetu. Jee, miaka 20 kutoka siku ile ya ufunguzi uwanja huu utakuwa katika hali gani, na vijana watakaocheza ndani yake watakuwa wamejifunzia wapi mpira?

Suali hili si la watu wa michezo peke yao. Ni la kila mwananchi wa Unguja na Pemba anayelipa kodi, na ni la kila mtendaji wa Serikali ambaye saini yake hutoa fedha au huzizuia.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Kabla ya Amaan kuwepo, mpira wa mji wa Unguja ulikuwa Mnazi Mmoja, katika eneo la wazi lililo baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Klabu zetu za zamani zilijiita kwa majina ya mitaa iliyozizaa: Malindi, Mlandege, Miembeni, Kikwajuni. Majina hayo yanatufundisha kwamba mpira wa visiwa hivi haukuanzia katika jukwaa la heshima ukateremka kwa wananchi. Ulianzia uchochoroni na viwanjani, kwa watoto wasiokuwa na viatu, ukapanda hatua kwa hatua mpaka ukadai uwanja unaostahiki jina la nchi.

Uwanja huo ulipatikana mwaka 1970, wakati wa uongozi wa Marehemu Mzee Abeid Amani Karume, kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China. Tokea hapo historia ya nchi imekuwa ikipita humo. Tarehe 5 Februari 1977, ndani ya Amaan, Chama cha Mapinduzi kilizinduliwa baada ya TANU na Afro-Shirazi kuungana. Sherehe za Mapinduzi za tarehe 12 Januari zimefanyika humo mara nyingi, na tarehe 2 Novemba 2020 Rais wa awamu ya nane aliapishwa humo. Kwa upande wa mpira, vizazi vya wachezaji vimelelewa na uwanja huo. Malindi ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1989 na tena mwaka 1992, na mwaka 1995 timu ya Zanzibar ilirudi kutoka Uganda na Kombe la Chalenji la Afrika ya Mashariki na Kati. Wananchi wenye umri wa kutosha hawajaisahau furaha ya mwaka ule.

Lakini wakati nchi ikifurahia yaliyokuwa yakitendeka ndani ya uwanja, uwanja wenyewe ulikuwa ukizeeka. Kisiwa kina adui asiyelala, nayo ni chumvi. Upepo wa bahari unaotuburudisha jioni ndio huohuo unaokula chuma na kuingia katika nyufa za saruji ukazifikia nondo. Mvua za masika humaliza kazi iliyoanzwa na chumvi. Wafadhili walioujenga uwanja walirudi kuutengeneza, na bado haukupita muda mrefu ikabidi uvunjwe sehemu kubwa na kujengwa tena, safari hii kwa gharama kubwa zaidi.

Hapa ndipo penye nukta yetu. Mara zote hizo fedha za kujenga zilipatikana. Kilichokosekana ni fungu la kutunza, lenye mwenyewe na lenye kujulikana kwa jina. Bajeti ya ujenzi ina sherehe, ina jiwe la msingi na utepe wa kukata. Bajeti ya rangi, ya mifereji, ya balbu na ya mbegu za nyasi haina sherehe yoyote, na kwa hivyo huwa ya mwanzo kukatwa pale fedha zinapopungua. Mwaka mmoja haujaonesha athari. Mwaka wa pili hali kadhalika. Ufikapo mwaka wa kumi, kilichokuwa kazi ya fundi mmoja na kopo la rangi kimekuwa kazi ya makandarasi na mkopo.

Wazee wetu walikuwa na elimu juu ya jambo hili, na elimu hiyo hatukuhitaji kuiagizia ng'ambo. Mtu aliyejaaliwa uwezo akajenga msikiti hakuishia katika kuta na mihrabu. Aliweka wakfu shamba la minazi au nyumba ya kupangisha, akaandika kwamba mapato yake yatumike kununulia mafuta ya taa, mikeka na chokaa ya msikiti ule. Alijua kuwa yeye atakufa na wanawe watatawanyika, na jengo lisilokuwa na riziki yake litaanguka. Misikiti mingi ya mji wetu imesimama kwa miaka mingi kwa utaratibu huo, hali ya kuwa waliyoijenga hatuwajui hata kwa sura. Zanzibar hadi leo ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia mali za namna hiyo. Kwa nini basi hekima iliyotosha kwa msikiti na kisima isitumike kwa uwanja wa umma? Sheria ya wakfu ina mambo yake, wala hatusemi kwamba uwanja wa mpira uwe wakfu. Tunasema kanuni yake ichukuliwe: kila jengo la umma lizaliwe pamoja na chanzo cha riziki yake.

Mabaharia nao wanalijua hili. Mwenye jahazi hangojei liingie maji ndipo aanze kutafuta pamba na mafuta. Kila msimu hulipandisha pwani, akalikagua, akalikalafati na kulipaka, ingawa siku hizo za pwani hazimwingizii hata senti moja. Asiyefanya hivyo huambiwa na wenzake kuwa ameshauza jahazi lake, ila hajui bei.

Kama kuna mtu anayedhani tunatisha watu bure, na atazame yaliyotokea karibu yetu. Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam ulifunguliwa mwaka 2007, una nafasi ya watu wapatao 60,000, na ni fahari ya Tanzania nzima. Mwezi Mei 2025 klabu ya Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Mchezo wa marudiano ulipaswa kuchezwa katika uwanja huo. Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika likaona kwamba sehemu ya kuchezea haikuwa katika hali ya kuridhisha, na fainali ikavushwa bahari ikaletwa Amaan. Tarehe 25 Mei timu hizo zikatoka sare ya 1-1 mbele ya macho yetu, na Berkane, iliyokwisha kushinda 2-0 kwao, ikaondoka na kombe. Sisi wa visiwani tulipata heshima ambayo hatukuitarajia. Mahoteli, migahawa na madereva walipata riziki. Lakini mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Viti 60,000 havikuweza kuyaokoa majani. Kilichoamua pahala pa fainali ni hali ya ardhi inayokanyagwa na wachezaji 22.

Ni vyema basi wananchi wakajua ardhi hiyo inadai nini. Kiwanja cha kipimo cha kimataifa kina urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani mita za mraba 7,140. Nyasi za asili katika joto letu, wakati wa kiangazi cha kaskazi, huhitaji takriban milimita 5 za maji kwa siku. Hesabu hiyo inatoa lita 35,700, sawa na ndoo 1,785 za lita 20, kila siku ya jua. Na maji yenyewe yawe matamu, kwa sababu kisima kinachovutwa kupita kiasi katika kisiwa huanza kutoa maji ya chumvi, na chumvi inayodhuru chuma hudhuru na mizizi. Nyasi zinahitaji kukatwa kwa kipimo, kutiwa mbolea, kutobolewa ardhi yake ili ipumue, na kupumzishwa baada ya michezo mingi. Nani amwambie Waziri kwamba leo uwanja usichezwe? Ni lazima awepo mtunza uwanja mwenye ujuzi na mwenye mamlaka, ambaye neno lake litasikilizwa hata na walio wakubwa kuliko yeye.

Nyasi za bandia nazo si dawa ya kukimbia kazi. Hazinywi maji kama za asili, lakini zinataka kupigwa brashi, kujazwa chembechembe zake na kusafishwa, na hata zikitunzwa vizuri huchakaa baada ya miaka 8 hadi 10 zikahitaji kubadilishwa zote. Anayezitandaza bila ya kuweka akiba ya kuzibadilisha amejinunulia deni.

Liko jambo jengine ambalo tunalisema kwa adabu, ila tunalisema. Amaan ni uwanja wa michezo na vilevile ni uwanja wa taifa. Gwaride litapita humo, halaiki ya watoto itacheza humo, na mikutano mikubwa itafanyika humo. Hatupingi hata kidogo, kwa kuwa historia ya uwanja imefungamana na mambo hayo. Lakini gari nzito likipita juu ya majani yaliyorowa, au jukwaa likasimamishwa siku tatu katikati ya kiwanja, athari yake haitofautishi baina ya shughuli ya dola na shughuli ya ngoma. Zipo sakafu za kutandika juu ya majani wakati wa shughuli kama hizo, na zipo njia za pembeni za kupitisha magari. Utaratibu uandikwe, na uwe wa kila mtu. Kanuni inayomzuia mkodishaji wa tamasha na kumwachia mtendaji wa Serikali si kanuni.

Sasa tuzungumzie fedha, maana bila ya fedha maneno yote haya ni mawaidha tu. Tuchukue mfano. Uwanja ukijaa watu 15,000 na kila mmoja akalipa shilingi 2,000 za mlangoni, mapato ni shilingi 30,000,000. Ikiwa fungu moja katika kumi litawekwa kando kwa ajili ya matunzo, hapana klabu itakayokufa kwa hilo, na uwanja utakuwa umepata shilingi 3,000,000 kwa jioni moja. Uwanja haujai kila wiki, tunalifahamu hilo. Kwa hivyo kodi za maduka na kumbi, matangazo ya ukutani na malipo ya shughuli zisizokuwa za michezo nazo zichangie. La muhimu ni kwamba fungu hilo liwe na hesabu yake mbali, lisichanganywe na mfuko mkuu, na kila mwaka taarifa yake isomwe mbele ya Baraza la Wawakilishi na ichapishwe magazetini, ili mkulima wa karafuu wa Mtambwe na mvuvi wa Nungwi waweze kujua kilichoingia na kilichotoka.

Hayo ni ya Amaan. Lakini tumeuliza pia wachezaji watatoka wapi, na kwa jambo hili wasiwasi wetu ni mkubwa zaidi.

Tarehe 13 Januari 2024, siku 17 baada ya uwanja mpya kufunguliwa, fainali ya Kombe la Mapinduzi ilichezwa ndani yake. Mlandege, klabu yenye jina la mtaa wa Ng'ambo, iliifunga Simba bao 1-0 ikautetea ubingwa wake. Wapenzi wa mpira waliuita mchezo ule maajabu. Sisi tunasema yale hayakuwa maajabu, bali yalikuwa mavuno. Vijana wa klabu zetu wamepita katika madaraja ya watoto, wakapita katika ligi za wilaya, na kabla ya yote hayo wamecheza katika viwanja vya mitaa ambavyo hakuna ramani iliyoviandika.

Viwanja hivyo sasa viko hatarini. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,889,773. Katika miaka kumi tumeongezeka kwa watu 586,204, na visiwa havikuongezeka hata shibiri moja. Watu hao wanahitaji nyumba, na eneo la wazi ndilo la mwanzo kutazamwa na mwenye tamaa. Kila mkaazi wa Unguja mjini na vitongoji vyake anajua jinsi mambo yanavyokwenda. Kwanza hutiwa tofali pembeni mwa kiwanja, na watoto wakaambiwa kuwa ni za muda. Kisha huchimbwa msingi karibu na goli. Kisha goli husogezwa, kiwanja kikawa kifupi, na baada ya mwaka kiwanja kimekuwa nyumba nne na uchochoro. Hakuna aliyevunja sheria kwa kelele. Imevunjwa kimyakimya, na watoto wamehamia barabarani kucheza mbele ya magari.

Ardhi ya visiwa hivi ni ya umma, na Serikali inaisimamia kwa niaba ya wananchi. Mamlaka ya kuvilinda viwanja kwa hivyo yapo. Kinachotakiwa ni kuvihesabu, kuvipima na kuvipa hati. Kila sheha anavijua viwanja vya shehia yake, hata vile visivyokuwa na jina. Na apewe miezi michache aviorodheshe. Wapimaji wa ardhi waje watie mawe ya mipaka, na hati iandikwe kwa jina la shehia au la skuli iliyo karibu. Baada ya hapo anayetaka kujenga humo aombe ruhusa hadharani, mbele ya wazazi wa watoto atakaowanyang'anya uwanja. Kazi hii haihitaji mkopo wala mfadhili, kwa kuwa jiwe la mpaka ni rahisi kuliko kiti kimoja cha jukwaa la heshima.

Pemba nayo isingojee zamu ya mwisho. Mwezi Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa Gombani, Chake Chake, na safari hii lilishindaniwa na timu za taifa badala ya klabu. Tarehe 13 Januari Zanzibar iliifunga Burkina Faso mabao 2-1 katika fainali, na furaha ya Wapemba ilionesha kuwa walikuwa na kiu ya siku nyingi. Mpira ulipopelekwa kwao, waliupokea kwa mikono miwili. Ni juu yetu kuhakikisha kuwa Gombani haitengenezwi kwa ajili ya wiki mbili za mashindano kisha ikaachiwa jua. Fungu la matunzo tulilolitaja liwe na sehemu ya Pemba inayojulikana tokea mwanzo, wala isiwe masalio ya kilichobaki Unguja. Na viwanja vya Wete, Mkoani na Micheweni vipimwe katika zoezi hilohilo na siku zilezile.

Tuna neno pia juu ya milango ya Amaan. Uwanja wa gharama kubwa unaofunguliwa kwa mechi kubwa tu, kisha ukafungwa kwa kufuli, unawahudumia wachache. Tunapendekeza iwepo ratiba ya wazi, iliyobandikwa lango kuu, inayoonesha siku za skuli, siku za riadha, siku za wanawake na siku za watu wenye ulemavu. Wazazi wengi wa visiwani hawakatai binti zao kukimbia au kucheza mpira wa mikono. Wanachokataa ni kuvuliwa sitara. Kukiwa na chumba cha kubadilishia nguo chenye mlango unaofungika, mwalimu wa kike na saa maalum, kizuizi hicho huondoka bila ya mabishano. Na kwa kuwa majani hayawezi kukanyagwa kila siku, ndiyo maana viwanja vidogo vya pembeni, ukumbi wa ndani, na uwanja wa Mao Zedong uliojengwa upya kwa msaada wa China, vitumike kubeba mzigo wa kila siku, na kiwanja kikuu kipumzike.

Tunajua kwamba wako watakaosema: nchi yenye wagonjwa wanaosubiri dawa na skuli zinazopokea watoto kwa mikondo miwili haina haki ya kutumia fedha kwa mpira. Hoja hii ni ya watu wenye huruma, na haifai kudharauliwa. Lakini itazameni vizuri, mtaona kuwa inatuunga mkono. Kama fedha ni chache, basi dhambi kubwa kuliko zote ni kujenga jengo lilelile mara tatu. Kila shilingi inayotumika kupaka rangi chuma leo inaokoa shilingi nyingi ambazo kesho zingechukuliwa kutoka katika dawa na madeski. Aliye na wasiwasi juu ya hospitali ndiye angekuwa wa mwanzo kudai fungu la matunzo.

Na wako watakaouliza faida yake ni nini, ikiwa Zanzibar haina kiti katika shirikisho la dunia. Ni kweli kwamba tarehe 16 Machi 2017 Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa Shirikisho la Afrika, na mwezi Julai mwaka huohuo uanachama huo ukaondolewa. Kidonda kile wengi bado wanacho. Lakini mwezi Agosti 2025 mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani yalipofanyika Afrika ya Mashariki, Senegal, Nigeria, Congo na Sudan zilikuja kucheza Amaan, na tarehe 23 Agosti Sudan iliitoa Algeria kwa mikwaju ya penalti katika uwanja huohuo. Wasiotupa kiti waliketi katika viti vyetu. Hatusemi kuwa hilo linatosha. Tunasema kwamba nyumba iliyo safi humleta mgeni, na mgeni aliyekaa vizuri husimulia akirudi kwao. Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa tarehe 27 Septemba 2023 haki ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na kwa heshima ya namna hiyo wakaguzi hawatazami historia ya uwanja. Hutazama majani, taa, mifereji na vyoo, siku ile waliyofika.

Kwa muhtasari, tunaiomba Serikali mambo manne. Kwanza, fungu la matunzo la viwanja vya Unguja na Pemba liwekwe kwa kanuni, lenye hesabu yake mbali na taarifa ya kila mwaka. Pili, mtunza uwanja mwenye ujuzi apewe mamlaka ya kuzuia matumizi yanayoharibu, na vijana wetu wapelekwe kujifunza kazi hiyo. Tatu, viwanja vya shehia zote vihesabiwe, vipimwe na vipewe hati. Nne, ratiba ya matumizi ya Amaan na Gombani iwekwe wazi ili kila kundi lijue siku yake.

Na kwa wananchi wenzetu tuna ombi moja. Kiti kilichovunjwa kwa hasira ya bao lililokataliwa hakikuwa cha mwamuzi. Kilikuwa chetu, na sisi ndio tutakaokilipa. Sheha anapokuja kuuliza kiwanja cha mtaa kiko wapi, tumwoneshe, na jirani akianza kushusha tofali karibu na goli, tusinyamaze kwa kumwonea haya.

Tuliosomeshwa chuoni kabla ya kuingia skuli tulifundishwa kwamba amani, imani na amana ni maneno ya mzizi mmoja. Wazee wa mwaka 1970 waliuita uwanja huu Amaan. Wao wengi wametangulia mbele ya haki, na uwanja uko mikononi mwetu. Aliyewekewa amana hasifiwi kwa kuipokea. Husubiriwa mpaka siku ya kuirudisha, ndipo itazamwe ikoje. Sisi wenye kuipokea amana hii tutairudisha kwa watoto ambao leo wanacheza peku katika viwanja vya Jang'ombe, Makunduchi na Konde. Bajeti ya mwaka ujao itakapowasilishwa, tutaitafuta ndani yake kasma ya matunzo ya viwanja, na tutawaeleza wasomaji wetu tumeikuta au hatukuikuta.